Mpango mkakati wa masoko: Somo la chuo kikuu linalomfaa mfanyabiashara wa mpakani

Wafanyabiashara wengi wanaopitisha bidhaa Namanga, Malaba, Mutukula, Rusumo au Tunduma wakisikia kuwa kijana fulani anasomea masoko chuo kikuu, huona kijana huyo anapoteza muda. Soko, husema, halisomwi darasani, hujulikana kwa kununua na kuuza. Usemi huo una ukweli wake. Hata hivyo, wengi wa wasemao hivyo ndio ambao kila msimu hupakia mzigo kwa kusikia tu kwamba bei ng'ambo ya mpaka imepanda, na wakifika sokoni hukuta malori mengine thelathini yaliyosikia habari ile ile.

Somo la mpango mkakati wa masoko linashughulikia kosa hilo hasa. Linamfundisha mwanafunzi kuanza na mnunuzi kabla ya kufikiria bidhaa, na kuiandika hesabu yake kwenye karatasi kabla mtaji haujatoka mfukoni. Makala haya yanaeleza somo hilo linafundishwa wapi, lina hatua gani, na ni mambo gani ambayo mfanyabiashara au msafirishaji asiye na nafasi ya kwenda chuo anaweza kuyachukua na kuyatumia.

Linafundishwa wapi

Nchini Tanzania somo hili linafundishwa katika Shule ya Biashara ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambayo ilianza mwaka 1979 ikiwa Kitivo cha Biashara na Menejimenti. Vile vile lipo katika Chuo cha Elimu ya Biashara (CBE), kilichoanzishwa mwaka 1965, na katika Chuo Kikuu Mzumbe. Nchini Uganda lipo katika Shule ya Biashara ya Makerere (MUBS), iliyoanzishwa mwaka 1997, na nchini Kenya lipo Chuo Kikuu cha Nairobi na vyuo vingine vingi. Jina la somo hutofautiana kidogo kutoka chuo kimoja hadi kingine, lakini yaliyomo yanafanana.

Kwa kawaida shahada ya kwanza ya biashara huchukua miaka mitatu Tanzania na Uganda, na miaka minne Kenya. Somo hili huwekwa mwishoni mwishoni, kwa sababu mwanafunzi anatakiwa awe ameshapita kwenye uhasibu, takwimu na uchumi. Ngazi ya shahada ya uzamili ina madarasa ya jioni kwa ajili ya watu walio kazini, na humo ndimo wanamokutwa mameneja wa kampuni za usafirishaji, maofisa wa benki na wenye maduka makubwa.

Lugha ya kufundishia ni Kiingereza, na kwa wenzetu wa Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ni zaidi Kifaransa. Hii ni sababu moja inayolifanya somo lionekane gumu na la watu wa ofisini. Ukiliweka kwa Kiswahili utakuta mambo mengi ambayo mfanyabiashara mzoefu anayajua tayari, ila hajawahi kuyapanga kwa mfuatano.

Mwanafunzi hafundishwi kwa kukariri tu. Anapewa kisa cha kampuni ya kweli, anakisoma, kisha darasa linajadili kampuni hiyo ingefanya nini. Njia hii ya kufundisha ilienezwa na Shule ya Biashara ya Harvard ya Marekani. Mwishoni wanafunzi hugawanywa katika vikundi, na kila kikundi huandika mpango wa masoko wa kampuni au duka lililopo. Sasa tuzitazame hatua za mpango huo moja baada ya nyingine.

Hatua ya kwanza: Unafanya biashara gani?

Swali hili linaonekana rahisi. Mwenye malori atajibu kuwa anafanya biashara ya malori. Mwaka 1960 Theodore Levitt, mwalimu wa Harvard, aliandika makala maarufu katika jarida la Harvard Business Review akieleza kuwa jibu la namna hiyo ndilo lililoziangusha kampuni za reli za Marekani. Kampuni hizo zilijiona ziko katika biashara ya treni, wakati mteja alikuwa hatafuti treni bali alitaka kusafiri na kusafirisha. Magari na ndege zilipokuja, mteja akaondoka nazo.

Afrika Mashariki imeona jambo hilo likigeuka upande wa pili. Treni ya mizigo ya reli ya kisasa kutoka Mombasa hadi Nairobi ilianza kazi Januari 2018. Wenye malori waliokuwa wakiishi kwa kubeba makontena kutoka bandarini wakaanza kupoteza kazi. Agosti 2019 serikali ya Kenya ilitoa agizo kwamba makontena yanayoingia nchini yasafirishwe kwa reli. Agizo hilo lilizua maandamano Mombasa na likasimamishwa Oktoba mwaka huo. Septemba 2022 Rais William Ruto, siku ya kuapishwa kwake, alitangaza kuwa shughuli za kutoa mizigo zitarudishwa Mombasa.

Ndani ya miaka mitano, basi, msafirishaji wa njia hiyo alinyang'anywa kazi, akarudishiwa nusu, kisha akarudishiwa zaidi, na mara zote uamuzi haukuwa wake. Aliyejibu kuwa biashara yake ni malori alibaki akisubiri siasa. Aliyejibu kuwa biashara yake ni kumfikishia mteja mzigo salama na kwa wakati aliweza kujiuliza maswali mengine. Kontena likishashuka stesheni ya Nairobi, nani analipeleka ghalani kwa mteja? Mteja mdogo asiye na kontena zima anasafirishaje bidhaa zake? Nani anamlindia mzigo wakati nyaraka hazijakamilika? Hizo zote ni kazi, na treni haizifanyi.

Hatua ya pili: Kuchunguza hali ilivyo

Hapa mwanafunzi hufundishwa kuangalia nje na ndani. Nje anatazama siasa, uchumi, jamii na teknolojia, na siku hizi huongezwa sheria na mazingira. Ndani anatazama nguvu na udhaifu wake mwenyewe. Kisha anaandika fursa zilizopo na vitisho vinavyomkabili. Walimu wengi hutaka mambo hayo manne yaandikwe kwenye ukurasa mmoja uliogawanywa mara nne.

Kwa mfanyabiashara wa mpakani sehemu ya siasa na sheria si ya kujaza karatasi. Machi 5, 2021 Kenya ilipiga marufuku mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumu kuvu. Malori yalikwama Namanga na mipaka mingine yakiwa yamepakia. Siku chache baadaye marufuku iliondolewa kwa masharti: waagizaji wasajiliwe, na mzigo uwe na cheti kinachoonyesha kuwa sumu kuvu haizidi kiwango cha sehemu 10 kwa bilioni. Mfanyabiashara aliyekuwa na mazoea ya kupima na kukausha mahindi yake aliyaona masharti hayo kuwa nafuu, kwa sababu yaliwapunguza washindani. Asiyekuwa na mazoea hayo alikwama na mzigo wake.

Mfano mwingine ni mpaka wa Gatuna kati ya Rwanda na Uganda. Ulifungwa kwa malori mwishoni mwa Februari 2019 na ukafunguliwa tena Januari 31, 2022. Karibu miaka mitatu. Aliyekuwa na mteja mmoja tu upande wa pili, na njia moja tu ya kumfikia, hakuwa na pa kwenda.

Mpango wa masoko hauwezi kutabiri siku ambayo mpaka utafungwa. Unachofanya ni kukulazimisha kuandika: likitokea hili, mzigo nitaupeleka wapi, na nitaweza kukaa muda gani bila mauzo? Mwenye jibu lililoandikwa hatafanya uamuzi akiwa kwenye foleni huku dereva anapiga simu kuomba fedha ya kula.

Katika hatua hii hii mwanafunzi hukutana na Michael Porter, naye wa Harvard, ambaye mwaka 1979 alieleza nguvu tano zinazobana faida katika biashara yoyote. Tuziweke kwa lugha ya msafirishaji. Ya kwanza ni wenye malori wenzako mnaogombea mzigo mmoja. Ya pili ni wageni wanaoingia kwa urahisi, mathalan kila anayepata mkopo wa lori lililotumika. Ya tatu ni kitu kinachoweza kuchukua nafasi yako, kama vile reli. Ya nne ni wauzaji wako, yaani wa mafuta, matairi na vipuri, ambao wakipandisha bei huna la kufanya. Ya tano ni wateja wenye nguvu, kama wakala mkubwa wa mizigo anayekupangia bei. Ukiona zote tano zinakubana kwa pamoja, hapo ndipo unapojua kwa nini lori linatembea mwezi mzima lakini fedha haionekani.

Hatua ya tatu: Kuligawa soko na kumchagua mteja

Mwanafunzi hafundishwi kusema "soko la Nairobi" au "soko la Lubumbashi". Anaambiwa agawe. Tuchukue mfanyabiashara wa vitunguu anayenunua Mang'ola wilayani Karatu na kuuza Nairobi kupitia Namanga. Wanunuzi wake si wa aina moja.

Kuna mnunuzi wa jumla wa soko la Wakulima, ambaye hulipa taslimu alfajiri lakini bei yake huanguka malori yakiwa mengi. Kuna hoteli na shule, ambazo hutaka kiasi kidogo kila wiki na kwa bei isiyobadilika sana. Kuna duka kubwa la kujihudumia, ambalo hutaka vitunguu vilivyochambuliwa kwa ukubwa na kuwekwa kwenye vifuko vya wavu, na huenda likalipa baada ya siku 30, 60 au hata zaidi. Mwenye mtaji mdogo akimkimbilia huyo wa tatu kwa sababu bei yake ni nzuri, atakwama hata kama mauzo ni makubwa, kwa kuwa fedha yake itakuwa mikononi mwa mtu mwingine.

Kwa hiyo swali si nani ananunua kwa bei ya juu. Swali ni mteja yupi ninayeweza kumhudumia vizuri kwa mtaji nilionao, lori nililonalo na watu ninaowafahamu. Ukishamchagua, ndipo unapoamua ununue kitunguu cha aina gani na ukifunge vipi. Gunia la lumbesa, ambalo mbali na kukatazwa na sheria ya vipimo ya Tanzania, halimfai kabisa mteja anayenunua kwa kilo.

Kisa kinachosomwa sana katika hatua hii ni cha M-Pesa. Majaribio ya huduma hiyo nchini Kenya yalianza mwaka 2005, na nia ilikuwa kuwasaidia wakopaji wa taasisi ya mikopo midogo midogo kulipa mikopo yao kwa simu. Waliokuwa wakiendesha majaribio waliangalia watu wanaitumiaje kwa kweli. Wakakuta wengine wanatumiana fedha wao kwa wao, na wengine wanaweka fedha kwenye simu kabla ya safari ili wasitembee na noti. Huduma ilipozinduliwa na Safaricom Machi 2007, tangazo lake halikuzungumzia mikopo. Lilizungumzia kutuma pesa nyumbani. Mteja ndiye aliyewaonyesha bidhaa yao ni nini. Mfanyabiashara naye anaweza kufanya uchunguzi huo bila fedha nyingi: akae sokoni siku mbili, aone nani ananunua, ananunua kiasi gani, na anakataa kwa sababu gani.

Hatua ya nne: Kuchagua njia ya kukua

Mwaka 1957 Igor Ansoff alichora jedwali la vyumba vinne ambalo mpaka leo kila mwanafunzi wa masoko analijua. Linasema kuna njia nne tu za kukuza biashara.

Njia ya kwanza ni kuuza zaidi bidhaa ile ile kwa soko lile lile. Msafirishaji wa Dar es Salaam hadi Kigali, safari ya karibu kilomita 1,500, anaweza kutafuta mzigo wa kurudi badala ya kurudi mtupu. Hajaongeza lori wala njia mpya.

Njia ya pili ni kupeleka bidhaa ile ile kwenye soko jipya. Aliyezoea kuuza mchele Kigali anaamua kujaribu Bujumbura au Goma. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na Somalia baadaye, wengi walianza kuifikiria njia hii.

Njia ya tatu ni kupeleka bidhaa mpya kwa wateja wale wale. Anayewauzia mahindi wenye mashine za kusaga anaongeza mifuko ya kufungia unga.

Njia ya nne ni bidhaa mpya kwa soko jipya. Hii ndiyo yenye hatari kubwa kuliko zote, na ndiyo ambayo wafanyabiashara huingia mara nyingi kwa sababu jirani amefanikiwa.

Mfano mzuri wa njia ya pili ulikuwa wa kampuni ya simu ya Celtel. Septemba 2006 iliunganisha mitandao yake ya Kenya, Uganda na Tanzania kuwa kama mtandao mmoja. Mteja aliyevuka mpaka alipiga simu kwa bei ya nchi aliyopo, alipokea simu bila malipo, na aliweza kuongeza salio kwa kadi za hapo. Madereva wa masafa marefu na wafanyabiashara walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuona faida yake. Mwaka 2007 huduma ilipanuliwa hadi Gabon na nchi mbili za Kongo. Kampuni hiyo haikuanza kwa kuuliza inauza laini ngapi. Iliona kuna watu ambao maisha yao yako pande zote za mpaka, ikawatengenezea huduma.

Mfano wa upande wa pili ni wa maduka ya Uchumi ya Kenya, ambayo yalivuka mpaka na kufungua matawi Uganda na Tanzania. Oktoba 2015 kampuni ilitangaza kuyafunga matawi hayo kwa maelezo kuwa hayazalishi faida. Wafanyakazi walipoteza ajira, na wapo wauzaji waliokuwa wakiyapelekea bidhaa kwa mkopo walioachwa wakidai. Wanafunzi hujifunza kutokana na visa vya aina hii kwamba kuwa na jina nyumbani si sawa na kuwa na soko ugenini. Kwa msomaji wetu kuna somo la ziada: ukimuuzia mteja mkubwa kwa mkopo, mpango wake wa masoko ukiwa mbaya, hasara inakufikia na wewe.

Hatua ya tano: Bidhaa, bei, mahali na matangazo

Mwaka 1960 mwalimu wa Kimarekani E. Jerome McCarthy aliyapanga mambo haya manne kuwa ndiyo vyombo vya kazi vya mtu wa masoko. Philip Kotler, ambaye kitabu chake cha usimamizi wa masoko kilitoka mara ya kwanza mwaka 1967 na bado kinatumika vyuoni, aliyasambaza dunia nzima.

Bidhaa ni pamoja na ubora, vipimo, kifungashio na nyaraka. Mzigo usio na cheti cha uasili wa bidhaa hauwezi kupata msamaha wa ushuru wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hata kama kila mtu anajua umelimwa Karatu. Kwa mzigo wenye thamani isiyozidi Dola 2,000 za Marekani, cheti kilichorahisishwa hutolewa mpakani kwa bidhaa zilizoorodheshwa. Mahali ni njia ya kumfikia mteja, yaani ghala, wakala, duka na barabara yenyewe. Matangazo si redio pekee. Jina zuri kwa mawakala wa forodha na kwa madalali wa sokoni nalo ni tangazo, na hujengwa polepole.

Kwa wanaouza huduma, kama wasafirishaji, mwaka 1981 wataalamu Booms na Bitner waliongeza mambo matatu: watu, utaratibu, na vitu ambavyo mteja anaviona kwa macho. Kwa msafirishaji, watu ni dereva na utingo wake. Mteja huenda asimfahamu mwenye kampuni, lakini anamfahamu dereva aliyemletea mzigo. Utaratibu ni jinsi anavyopewa taarifa kwamba lori limefika mizani fulani au limekwama. Na anachokiona ni turubai lililochanika au lililo zima. Wasafirishaji wengi wanashindana kwa kushusha bei, wakati mteja angekubali kulipa zaidi kidogo kwa yule anayepokea simu na kusema ukweli mzigo uko wapi.

Hatua ya sita: Hesabu

Hapa ndipo mpango unapopimwa. Turudi kwa mfanyabiashara wetu wa vitunguu. Tarakimu zifuatazo ni za mfano tu, zote kwa shilingi za Tanzania.

Ananunua gunia 100 kwa shilingi 80,000 kila moja, jumla 8,000,000. Lori linagharimu 1,500,000. Magunia, kupakia na kushusha ni 500,000. Vyeti, wakala na gharama za mpakani ni 400,000. Jumla ya gharama ni 10,400,000.

Wengi watagawanya kwa 100 na kupata shilingi 104,000 kwa gunia, kisha waseme kwamba wakiuza kwa 108,000 wamepata faida ya 4,000 kila gunia. Lakini vitunguu huoza njiani. Tuseme gunia 5 zimeharibika, zimebaki 95. Ukigawanya gharama kwa 95, kila gunia limekugharimu karibu 109,500. Ukiuza kwa 108,000 utapata 10,260,000, yaani umepata hasara ya 140,000 huku ukijiona umefaidika.

Sasa tuseme ameuza kwa bei inayolingana na 115,000. Mauzo ya gunia 95 ni 10,925,000, faida ni 525,000. Lakini amelipwa kwa shilingi za Kenya. Kama kabla ya kubadilisha fedha hizo zimeshuka kwa asilimia 5 dhidi ya shilingi ya Tanzania, atapata 10,378,750, na faida yote imegeuka hasara ya shilingi 21,250. Hakuibiwa na mtu wala mzigo haukuzuiwa. Hakuandika tu kwenye karatasi yake mstari wa uharibifu na mstari wa kubadilisha fedha.

Mwanafunzi hufundishwa pia kuweka lengo linalopimika na lenye tarehe. "Nataka kupanua biashara" si lengo. "Ifikapo mwisho wa Desemba niwe na hoteli nne zinazochukua gunia mbili kila wiki na kulipa ndani ya siku 14" ni lengo. Tarehe ikifika, unajua kama umefika au hujafika, na unarekebisha.

Chuo hakifundishi kila kitu

Ni haki kusema pia mapungufu. Vitabu vingi vinavyotumika vimeandikwa Marekani na Uingereza, kwa ajili ya kampuni zenye idara ya masoko na takwimu za kununua. Havimwelezi mwanafunzi namna ya kujua nani wa kumpa mzigo kwa mkopo Kampala, namna ya kuzungumza na ofisa aliyechoka saa tisa usiku, wala namna mnunuzi wa Lubumbashi anavyopenda kupatana bei. Uaminifu unaojengwa kwa miaka kati ya watu wa pande mbili za mpaka hauna somo lake.

Aidha, mpango ulioandikwa vizuri unaweza kumfunga mtu. Wapo waliouandika kwa ajili ya kuombea mkopo benki, wakaufungia kabatini. Mpango wa namna hiyo hauna tofauti na kutokuwa na mpango.

Kwa upande mwingine, uzoefu peke yake nao una kasoro. Uzoefu hukufundisha yaliyokwisha kutokea. Wenye malori wa Mombasa walikuwa na uzoefu wa miongo mingi, lakini haukuwa uzoefu wa treni ya mizigo ya kisasa.

Usiye na nafasi ya kwenda chuo

Kwa aliye na kidato cha sita au stashahada na anayeweza kupata jioni zake, kusoma ni jambo la kufikiria. Asiyeweza bado ana njia mbili.

Ya kwanza ni kuwatumia wanafunzi. Wanafunzi wengi wa biashara hutakiwa kwenda kwenye mafunzo kwa vitendo, na wengi hukimbilia benki na mashirika makubwa kwa sababu hakuna mfanyabiashara mdogo aliyewaita. Andika barua kwa idara ya masoko ya chuo kilicho karibu nawe, ueleze una biashara gani na ungependa kufanyiwa nini. Mpe kijana nauli na chakula, mfungulie daftari zako, mpeleke mpakani na sokoni. Yeye atapata kisa cha kuandikia, nawe utapata mpango. Msimdharau kwa umri wake, naye asidharau daftari lako la kurasa zilizochakaa.

Njia ya pili ni kuandika mwenyewe ukurasa mmoja kabla ya msimu, ukijibu maswali haya: Mteja wangu ni nani hasa, na anataka nini ambacho mwingine hampi? Naingia kwa njia ipi kati ya zile nne za kukua? Nani ananibana bei, na nifanye nini ili anibane kidogo? Mpaka ukifungwa au masharti yakibadilika, mzigo nitaupeleka wapi? Gharama zangu zote ni kiasi gani, pamoja na kinachoharibika na fedha inayopungua wakati wa kubadilisha? Bei ya chini kabisa ninayoweza kuuza bila hasara ni ipi? Na ni tarehe gani nitakaa tena na karatasi hii?

Karatasi hiyo haihitaji Kiingereza wala cheti cha shahada. Iandike kabla lori halijapakiwa, maana baada ya kupakia utauza kwa bei yoyote utakayoikuta.